Siku Mabati Yalipong'olewa Miyomboni

Ninyi vijana mnaoendesha kundi la kijiji kwenye simu, juzi mlinikuta nabangua karanga mkaniuliza: bibi, kabla ya bando mkutano ulikuwa unaitishwaje? Niliwajibu kwa mkato kwa sababu pikipiki yenu ilikuwa inanguruma mlangoni. Leo mmeizima. Kaeni basi. Kuleni matobolwa hayo, viazi vyetu vya kukausha, kwenye ungo, nami nitawaambia.

Jina langu ni Nyamizi. Wengi wenu mmekua mkiniita Mama Mbiu, na wapo wanaodhani ndilo jina nililobatiziwa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka habari za serikali ya kijiji masikioni mwa watu: mkutano mkuu, chanjo, mbolea ya ruzuku, zamu ya kufyeka barabara, mbuzi aliyepotea, harusi, msiba, mechi ya Miyomboni na majirani zetu wasiopenda kushindwa. Vifaa vyangu vilikuwa baiskeli, kipaza sauti cha mkononi, na betri ambazo nguvu zikipungua nilizianika juani kama dagaa.

Aliyenifundisha ni Mzee Nassoro, Mwarabu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini. Tunasema Mwarabu, lakini Kinyamwezi chake kilinyooka kuliko changu. Babu zake walikuja na misafara, wakauza nguo na chumvi, wakaoa, wakazikwa hapahapa. Yeye alikuwa fundi redio, na ujana wake aliumalizia kutangaza sinema mjini akiwa amesimama nyuma ya gari. Siku ya kwanza alinipeleka uwanjani akaniambia nitangaze. Nikavuta pumzi, nikapayuka mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

"Umesema nini?" akaniuliza.

"Nimesema mkutano kesho, mzee."

"Mimi nimesikia kelele tu. Ukipiga kelele, watu wanasikia kelele. Sema kama unamwambia mtu mmoja aliye ng'ambo ya shamba, mtu unayempenda."

Basi nikajifunza. Nilijifunza kusimama upande unakotoka upepo, upepo ubebe maneno badala ya kunirudishia mdomoni. Nilijifunza kungoja mashine ya kusaga inyamaze. Asubuhi habari zilitolewa kisimani, mchana mashineni, jioni gulioni, kwa sababu watu hawakai majumbani kukungoja wewe. Mahali na saa nilivitaja mara mbili. Koo nililitunza kwa maji ya vuguvugu na asali ya miombo, si kwa soda. Na habari ya msiba haikutoka kwenye kipaza sauti kabla wenye msiba hawajaambiwa kwa mdomo, wakiwa wameketi chini. Hilo la mwisho mliandike mioyoni. Siku hizi mtu anafiwa na mama yake, anaanza kupokea pole kabla ya kupokea habari.

Makosa? Yalikuwepo, tena ya kuchekesha. Mwaka mmoja nilipewa matangazo mawili kwa pamoja: chanjo ya watoto iko zahanati, chanjo ya mbwa iko josho la ng'ombe. Nikaona nisizunguke mara mbili, nikayatangaza kwa pumzi moja. Kesho yake bwana mifugo amesimama joshoni na sindano zake, anazungukwa na akina mama waliobeba vichanga. Zahanati nako nesi amepanda juu ya benchi, chini mbwa wa kijiji kizima wanabwekeana, na mzee mmoja anamkemea: "Sasa unaogopa nini, si wewe uliyetuita?" Mzee Nassoro alipopata habari alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akaniambia safari moja, tangazo moja. Sikurudia tena.

Lakini mlichotaka kujua hasa si mbwa. Mmoja wenu, simtaji, aliniuliza kama ni kweli mwaka ule watu wa Miyomboni walijibomolea nyumba wenyewe. Ni kweli, au ilibaki kidogo iwe kweli.

Nilikuwa nakaribia kustaafu. Simu zilikuwa zimeshaingia, na kundi la kijiji lilikuwa na watu wengi kuliko mkutano wa kijiji. Mzee Nassoro alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwenyekiti wetu alikuwa amekwenda Nzega kuzika shemeji yake. Mtendaji wa zamani alikuwa amehamishwa, na mpya alikuwa bado njiani. Kwa maneno mengine ofisi ya kijiji ilikuwa na kufuli, na nje ya kufuli nilikuwepo mimi.

Siku moja kabla ya mabati kung'olewa, watu wengi wakiwa mashambani wanatayarisha matuta, vijana wasiojulikana walipita na kopo la rangi. Jioni tuliporudi tukakuta alama nyekundu za msalaba. Nyingine kwenye mawe, nyingine kwenye miti, nyingine kwenye kuta za nyumba za watu. Ninyi mmezaliwa Tanzania, sina haja ya kuwaeleza msalaba mwekundu ukutani maana yake nini. Kila mmoja wetu ameshaona nyumba za kando ya barabara zikichorwa hivyo, na baadaye ameona tingatinga.

Asubuhi yake picha zilikuwa zimeshafika Dar es Salaam na kurudi zikiwa na maneno juu yake: Miyomboni inavunjwa, manispaa inachukua ardhi, mna siku chache. Mjomba wa fulani amesema. Mtu aliye karibu na wakubwa amesema. Mpaka jua linachomoza vizuri, lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna aliyeambiwa.

Wa kwanza kupanda juu ya paa alikuwa Mama Yohana.

Mama Yohana, jina lake Spesioza, alikuwa jirani yangu na mwenzangu wa kuchimba viazi. Alikuja Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, wazazi wakikimbia mauaji Burundi. Akakulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa huko, akafiwa na mume huko. Aliwahi kunisimulia ile miaka ya kuambiwa mtahamishwa, lini haijulikani, wapi haijulikani, mpaka watu wakaacha kupanda miti ya matunda, maana nani atakula? Baadaye wakaambiwa mtabaki. Lakini yeye moyo wake ulikuwa umeshachoka, akauza mazao yake, akaja kununua kiwanja Miyomboni. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Tofali alifyatua mwenyewe.

Nilimkuta juu ya ngazi na nyundo, kanga kaifunga kiunoni. Mabati ya upande mmoja yalikuwa chini tayari. Ndani ya nyumba mkwe wake Kalunde alikuwa amekaa kitandani na mtoto mchanga, kitovu hakijakatika, anatazama mbingu mahali palipokuwa na paa. Yohana, mwanawe, alisimama chini anapokea bati. Na upande wa mashariki, mawingu.

"Mama Yohana, unafanya nini?"

"Unaniona."

"Shuka tuongee."

"Mama Mbiu, mimi na wewe nani anazijua alama? Tingatinga halikungoji utoe bati. Bati likipondwa si bati tena. Nikiyaokoa haya nitajenga mahali pengine."

"Mahali gani?"

Nyundo ikasimama hewani. "Mahali pengine," akasema. "Daima kuna mahali pengine."

Sauti ile sijaisahau. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekuambia leo ni Jumatano.

Wengine walipomwona yupo juu, nao wakaleta ngazi. Ndivyo tulivyo. Mwenye hofu mmoja akipanda paa, kijiji kinahesabu misumari. Na kabla ya adhuhuri likatokea guta la magurudumu matatu kutoka Kanyenye, mjini, mnunuzi wa vyuma na mabati yumo, anapita mlango kwa mlango: "Poleni sana, poleni, mimi nanunua, nawasaidia kupunguza hasara." Pole zake zilikuwa nyingi kuliko bei zake. Sijui nani alimwita. Kunguru nao hawaitwi.

Watu wakanizunguka. "Mama Mbiu, tangaza! Tunavunjwa au hatuvunjwi?"

Nikasimama nimeshika kipaza sauti. Ningesema tunavunjwa, mapaa yote yangeshuka. Ningesema hatuvunjwi, ningekuwa nawapa tumaini nililolitengeneza mwenyewe, na tingatinga likija, nitaangalia wapi? Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Bibi, sema chochote, watu watulie." Chochote! Ndilo neno lililoniamsha.

Nikaenda upande wa upepo. Nikawaamkia kwa Kinyamwezi, nikasema hivi:

"Watu wa Miyomboni, mwadila. Ni mimi Nyamizi. Alama hizi sijui ni za nini. Narudia, sijui. Na aliyewaambia anajua, muulizeni ameambiwa na nani. Ninakwenda mjini sasa hivi kuuliza. Nawaomba kila aliye juu ya paa ashuke aningoje. Msiuze bati, msiuze mlango. Nikirudi, nitawaambia nilichoambiwa, kiwe kizuri, kiwe kibaya."

Nilitegemea wanizomee. Mtangazaji anayesema sijui, nani amewahi kumsikia? Lakini nikaona mtu mmoja anashuka ngazi, kisha mwingine. Nadhani walikuwa wamechoka na watu wanaojua.

Mama Yohana hakushuka, ila aliacha kugonga. Nikamsogelea. "Nipe mpaka alasiri."

"Mawingu yale hayana alasiri," akasema. Kisha akakaa juu ya kenchi ya paa, nyundo mapajani. "Nenda."

Yule kijana wa bodaboda akanipakia. Mjini nilianza manispaa, kwa watu wa ardhi. Nikapokelewa vizuri, nikapewa kiti, wakaulizana wao kwa wao. Hawakuwa na habari ya bomoabomoa yoyote upande wetu. Nafuu kidogo ikaingia, lakini haikutosha. Kama si ninyi, ni nani? Mama mmoja aliyekuwa anapita na mafaili akasema, "Jaribuni watu wa maji. Wiki hii niliwaona wanaosha brashi."

Ofisi ya maji tukakuta wamekwenda kula. Mlinzi akatuonyesha banda la mama lishe mkabala na geti. "Injinia yule pale, mwenye kilemba cha kijani."

Alikuwa binti mdogo, anaitwa Rehema, sahani ya wali maharage mbele yake. Akaniamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani nakukatiza chakula. Ni ninyi mlioweka alama Miyomboni?"

"Ndiyo, mama. Za bomba. Mradi wa maji unafika kwenu." Akatabasamu, kama mtu anayengoja shukrani.

Nikashika nguzo ya banda. "Bomba," nikasema.

"Ndiyo. Kwani kuna shida?"

"Mmechora kwa rangi nyekundu, mwanangu. Misalaba."

"Rangi ya bluu iliisha stoo..." Hapo akasita. Nikaona linamwingia polepole, tabasamu linakwenda. "Mama, watu wamefikiri nini?"

"Wanang'oa mabati. Kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba isiyo na paa."

Aliacha wali pale pale. Alichosema tu ni "Ya Rabi," akachukua mkoba wake akapanda nyuma yangu, watu watatu kwenye pikipiki moja, jambo ambalo sheria hairuhusu na siwaruhusu ninyi. Njiani akawa anapiga simu kwa mwenyekiti wetu ambaye hapatikani. Akaniambia kijiji kilitakiwa kuarifiwa kwanza, na kila mtu ofisini kwake alidhani mwenzake ameshaarifu. Hakujificha nyuma ya mtu.

Tulipofika, matone makubwa ya kwanza yalikuwa yanapiga vumbi. Nikachukua kipaza sauti: "Miyomboni! Nimerudi. Hatuvunjwi. Alama ni za bomba la maji. Hatuvunjwi. Maji yanakuja. Aliyeziweka huyu hapa, amekuja kuwaambia mwenyewe."

Mnajua watu wakipata nafuu wanafanyaje? Hawashangilii. Kwanza mwanamke mmoja akakaa chini barabarani, akavua kilemba, akaanza kujipepea. Mzee mmoja akacheka peke yake. Ndipo vigelegele vikaanza, kutoka mbali, kule kisimani, vikaja vinatembea nyumba hadi nyumba. Yule wa guta aligeuza bila kuaga.

Lakini Mama Yohana alikuwa bado juu ya kenchi, mvua inamdondokea. Injinia akaenda akasimama chini ya ukuta wenye alama.

"Mama, shikamoo. Shuka, hakuna anayekuondoa."

"Marahaba, binti. Watu waliovaa vizuri waliniambia mtaondoka, watu waliovaa vizuri wakaniambia mtabaki. Wewe nitakuaminije?"

Binti yule hakutoa kitambulisho wala hotuba. Aliweka kidole kwenye msalaba mwekundu, akauburuza hewani mpaka barabarani. "Bomba kubwa linapita kule. Hapa linakata kona linaingia uani kwako. Koki inakaa hapa, karibu na jiko lako, ili usitembee. Sasa mama, ukiondoka, nani atafungua koki?"

Mama Yohana akamtazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Mana yanje," yaani Mungu wangu kwa lugha ya kwao, akajifunika uso kwa viganja viwili. Yohana, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Mama, kaa hukohuko juu. Tunakuletea bati."

Basi, vijana, mngeona. Watu walishuka kwenye mapaa yao, wakaja kwake kwanza kwa sababu ya mtoto. Waliotoka kanisani kwetu Moravian, waliotoka Katoliki, waliotoka msikitini, wote wanashika bati moja. Mimi niliketi na wanawake tunanyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe. Injinia akavua viatu vyake vya ofisi, akawa anapokezana mabati na Yohana, tope likimpanda mpaka kwenye sketi. Matundu ya zamani tuliyaziba kwa vipande vya mpira wa kandambili. Mvua ilipoamua kunyesha kweli, bati la mwisho lilikuwa bado mikononi, na fundi mmoja wa hapa kijijini akaligongea akiwa hawezi kufumbua macho.

Tukajibana ndani, watu wengi kuliko nyumba. Juu mvua inapiga kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuongea. Kalunde akamfunua mtoto tumwone. Alikuwa amelala. Katika yote yale, alikuwa amelala tu, ngumi zimefumbwa. Nikaegemea ukuta, na nadhani nilisinzia nikiwa nimesimama.

Mwenyekiti aliporudi kutoka Nzega alikuta mkutano umeshaitwa. Injinia alikuja tena na wenzake, wakaomba radhi mbele ya watu, wakafuta misalaba, wakaweka mishale ya bluu. Tukakubaliana kuwa asiingie mtu kijijini na kopo la rangi kabla habari haijamtangulia. Mpaka leo inafuatwa.

Mtaniuliza, kwa hiyo simu ni mbaya? Hapana. Ningekuwa na simu yenu siku ile ningempata injinia bila kumharibia wali wake. Simu haina kosa, kipaza sauti hakina kosa. Ila habari ikikufikia, kabla hujaipeleka mbele, rudi nayo nyuma hadi kwa aliyeizaa. Ukimkosa, waambie watu hujui na kwamba unakwenda kuuliza. Halafu uende kweli.

Maji yenyewe yalichelewa, kama yanavyochelewa. Tulikuwa tumeshavuna. Siku ya kufungulia, tulikusanyika uani kwa Mama Yohana, Injinia Rehema yupo, Kalunde na mtoto ambaye sasa alikuwa anakaa mwenyewe. Mama Yohana akazungusha koki. Ikakohoa. Ikatoa upepo, ikatoa tope, watu wakarudi nyuma. Kisha yakaja meupe.

Aliweka mkono chini yake, akauacha pale. Maji yakamlowesha sketi na miguu, naye hakusogea. Akaniambia kwa sauti ya chini, tuliosikia tulikuwa wachache, "Mama Mbiu, safari hii kitu kimetoka mbali kuja kunikuta mimi."

Halafu akageuka, akatuona tumesimama mikono mitupu tunamkodolea macho. "Mbona mnanitazama?" akasema. "Leteni ndoo, maji yanamwagika!"